Mtoto asiyeona tunamchelewesha wenyewe

Mwaka 2006 watafiti wa kituo cha KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi walichapisha hesabu inayofaa kubandikwa katika kila ofisi ya elimu ya kaunti hii. Wazazi na walezi waliulizwa maswali kumi kuhusu watoto 10,218 wa umri wa miaka 6 hadi 9, kisha walioonyesha dalili za shida wakapimwa kwa makini. Katika kila watoto 1,000, 61 walikuwa na kasoro ya wastani au kubwa ya mfumo wa fahamu. Kifafa kiliongoza kwa 41, ukafuata uzito wa akili 31, kusikia 14 na viungo 5; mtoto mmoja aweza kuwa na shida mbili au tatu kwa pamoja. Macho yalishika mkia: watoto 2 kwa kila 1,000.

Ukiisoma hesabu hiyo mbiombio utasema afadhali. Lakini wawili kwa elfu maana yake ni kwamba wametawanyika, mmoja Vitengeni, mwingine Gongoni, wa tatu Dabaso, na hakuna anayemjua mwenzake. Mwalimu wa Ganze anaweza kufundisha hadi astaafu asipate hata mmoja darasani mwake, na akimpata hajui aanzie wapi. Mama naye hana jirani wa kumuuliza, "Wako alianza kutembea lini?" Viziwi wa Kilifi wana shule yao Kibarani na kila mtu anaijua. Mzazi wa asiyeona akiulizia shule, jina analotajiwa mara nyingi liko Likoni, ng'ambo ya feri.

Basi mtoto huketi. Huketi mkekani kivulini, akilishwa, akiogeshwa, akibebwa, mpaka umri wa darasa la pili au la tatu umempita ndipo mtu aseme kumbe kuna shule. Makala haya ni kuhusu miaka hiyo ya mkekani. Upofu wenyewe hauli akili ya mtoto; kinachoila ni kukalishwa bure.

Ukurasa usiofunguliwa

Tuanze kliniki, maana si kila upofu umeandikwa. Kijitabu cha mama na mtoto, kile anachopewa kila mjamzito nchini, kina mahali pa kukagua macho ya mtoto mchanga. Mboni ni nyeusi au nyeupe? Mtoto anafuata kitu kwa macho? Ana makengeza? Ni maswali ya dakika mbili. Foleni ya chanjo ikiwa ndefu, muuguzi mmoja na akina mama arobaini, ukurasa huo hupinduliwa tu, na sina ujasiri wa kumlaumu muuguzi. Ila mama anaweza kuufungua mwenyewe nyumbani.

Mboni nyeupe ina habari mbili kubwa. Ya kwanza ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao wengi wetu hudhani ni wa wazee peke yao. Kuna watoto wanaozaliwa nao. Ukiwa mzito katika macho yote mawili, upasuaji unafaa zaidi ukifanywa katika wiki 6 hadi 10 za mwanzo wa maisha, kwa sababu ubongo hujifunza kuona katika miezi hiyo. Jicho likizibwa wakati ubongo unajifunza, baadaye daktari anaweza kulisafisha likawa kama kioo na mtoto bado asione vizuri. Hapo ndipo ushauri wa "tungoje akue kidogo" unapoharibu. Unatolewa kwa huruma, na unamgharimu mtoto macho. Tena upasuaji sio mwisho: kuna miwani, na kuna kurudi hospitali mara kwa mara.

Habari ya pili ni saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma. Utafiti wa madaktari wa Kenya uliochapishwa 2012 ulikadiria kwamba inampata takriban mtoto 1 kati ya 17,000 wanaozaliwa hai nchini. Ni nadra, lakini inaua. Siku hizi mara nyingi anayeigundua kwanza ni simu: picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera usiku inaonyesha jicho moja jekundu na la pili jeupe, linang'aa kama la paka. Picha ya namna hiyo haiwekwi kwenye mtandao kuchekesha watu. Inapelekwa hospitali kesho yake asubuhi.

Yako na mengine ambayo Pwani inayajua zaidi. Surua ilikuwa ikipofusha watoto wengi wenye upungufu wa vitamini A, kwa kuharibu kioo cha mbele cha jicho. Sasa chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akitimiza miezi 9 na tena miezi 18, na matone ya vitamini A kila miezi sita kuanzia nusu mwaka hadi miaka mitano. Rubela ikimpata mama mja mzito katika miezi ya kwanza, mtoto anaweza kuzaliwa na macho mabovu, masikio mabovu na moyo wenye kasoro, kwa hiyo sindano moja inalinda watu wawili. Na vitamini A yenyewe tunaikanyaga: embe, papai, boga, mchunga, kisamvu, ini. Ukame ukibisha hodi Ganze au Bamba ndipo sahani inabaki na sima peke yake, na hapo matone ya zahanati ndiyo tegemeo.

Matongo mazito ya mtoto mchanga nayo si jambo la kupuuza. Viini alivyovipata mama kwa ugonjwa wa zinaa humwingia mtoto machoni anapozaliwa, na siku chache zatosha kumpofusha. Kinga yake ni tone au marhamu ya jichoni baada tu ya kuzaliwa. Sehemu ya ushahidi wa kinga hiyo ilitoka papa hapa Kenya: hospitali ya Kikuyu iliwajaribia watoto zaidi ya 3,000 dawa rahisi ya aina ya iodini, na matokeo yakachapishwa 1995. Anayezalia nyumbani huikosa kinga hiyo. Kisha kuna dawa za kukamuliwa jichoni, maziwa ya mama, maji ya majani, unga wa mzizi. Wanaozitoa wana nia njema. Jicho halijali nia.

Malaria nayo isisahauliwe. Mtoto akipatwa na malaria ya ubongo, lile degedege ambalo wengi bado huliita nyuni, huweza kuzinduka haoni kabisa ilhali macho yake ni mazima. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayopokea picha. Familia huvunjika moyo papo hapo. Lakini wengi wao huanza kurudishiwa nuru katika wiki na miezi inayofuata, kwa hiyo mtoto wa namna hiyo hafungiwi faili. Arudishwe akapimwe, na katika muda huo achezewe kwa vitu vyenye rangi kali na mwanga, kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mwisho, watoto njiti. Hospitali zinavyozidi kuwaokoa wanaozaliwa kabla ya wakati, ndivyo mishipa yao ya macho isiyokomaa inavyohitaji kuangaliwa, hasa waliopewa oksijeni nyingi. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa Marekani mwaka 1950 kabla ya miezi yake kutimia, alipofuka hivyo. Aliyezaa njiti aulize kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani: macho yatapimwa lini?

Kayamba na nazi

Sasa tuchukue mtoto ambaye yote hayo yamefanywa au yamekosekana, na haoni. Nini kinafuata?

Katika miaka ya 1960 na 1970 mtafiti Selma Fraiberg wa Marekani aliwafuatilia watoto wachanga kumi waliozaliwa vipofu, akiwatembelea nyumbani na kuwapiga filamu, na mwaka 1977 akatoa kitabu. Aliyoyaona yanapaswa kumtuliza mzazi yeyote wa Kilifi. Watoto hao walitabasamu wakisikia sauti ya mama. Waliketi na kusimama karibu na umri wa wenzao. Walipochelewa ni pale pa kunyoosha mkono kukitafuta kitu, kutambaa na kutembea wenyewe.

Sababu ina mantiki. Mtoto anayeona hutambaa kwa kuwa kuna kitu pale mbele kinamwita: kikombe chekundu, kuku, mguu wa dada. Asiyeona haitwi na chochote. Sauti peke yake haimwambii, mwanzoni, kwamba kuna kitu cha kushikwa. Inatokea hewani na kupotea hewani. Huelekea mwisho wa mwaka wa kwanza ndipo anapoanza kufahamu kwamba kinacholia kinashikika, na kwamba kikinyamaza hakijatoweka. Akishalijua hilo, anatambaa. Asipofundishwa, anabaki hapo alipowekwa, na watu wanasema "mtoto huyu ni mzito".

Na chombo cha kumfundishia Wagiriama wanacho tangu zamani: kayamba. Mpe mtoto alishike, asikie mbegu zikikimbia ndani ya matete, alirambe akitaka. Kisha litikise kando ya mkono wake, karibu kabisa. Akiligusa, mwachie. Kesho lisogeze kidogo. Likianguka, usimwokotee mara moja. Mwongoze mkono wake upapase mkeka hadi aligundue. Mchezo huo wa robo saa, ukifanywa na hawe wake, yaani bibi yake, kila asubuhi, ni kazi ileile ambayo mtaalamu angelipwa kuifanya.

Kuna na namna ya kushika. Watu wengi humkamata asiyeona kifundo cha mkono na kumsukumia kwenye kitu, naye anafunga ngumi, kwani nani asiyeogopa kutiwa mkono gizani? Walimu wazoefu hufanya kinyume: mkono wao huenda chini, wa mtoto ukakaa juu yake, wakakigusa kitu pamoja, kisha mkubwa akauondoa wake polepole. Mikono ndiyo macho ya huyu. Haivutwi ovyo, wala haichapwi kwa kugusagusa.

Niseme juu ya nazi, kwa maana hapo ndipo nyumba ya Pwani inapoishinda shule yoyote. Mtoto asiyeona hupata dunia vipande vipande. Anajua tui kwa kuwa limo katika wali na maharagwe. Anasikia neno nazi kila siku. Anasikia mnazi, dafu, kumbi, kifuu, chicha, makuti, na anaweza kuyatamka yote kwa ufasaha, akasifiwa, bila kujua kwamba ni mti mmoja. Angekuwa anaona, angekuwa amemtazama mkwezi akipanda mara mia. Asiyeona lazima apelekwe. Aukumbatie mnazi, apapase vikato vya mkwezi, akae mbali kidogo asikie nazi zikidondoka. Ashike nazi yenye kumbi lake, aisikie ikifuliwa, anyofoe nyuzi. Apige kifuu kwa kisu apate maji usoni. Akalie mbuzi, akune, akatwe kidogo kidole kama watoto wengine walivyokatwa. Akamue kwa kifumbu. Chakula kikiiva, ule wali hautakuwa tena kitu kilichotoka hewani. Somo hilo huchukua nusu siku na linachosha, na mama mwenye watoto watano na shamba hana nusu siku ya ziada. Najua. Lakini nazi itakunwa vilevile. Kinachohitajika ni kumvuta mtoto karibu badala ya kumwacha mkekani.

Mambo mengine yanayotisha wazazi yana maelezo. Mtoto huyu huchanganya "mimi" na "wewe", na hurudia alichoambiwa neno kwa neno, kwa muda mrefu kuliko wenzake, kwa sababu haoni nani anamwelekea nani. Hujibonyeza macho kwa vidole au kuyumba mbele na nyuma; mwili unatafuta cha kufanya, na ukipewa kazi tabia hiyo hupungua. Akibonyeza kwa nguvu miaka mingi macho huingia ndani, kwa hiyo mikono ipewe kitu. Asiyeona hata mwanga huweza kukesha usiku na kulala mchana, maana saa ya mwili hurekebishwa na nuru. Saa zisizobadilika za kuoga, kula na kutoka nje humsaidia. Hakuna pepo katika lolote kati ya hayo.

Pepo, laana na feri

Lakini pepo hutajwa. Mwaka 2017 Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walichapisha utafiti waliofanya mashambani Kilifi, wakisikiliza vikundi vya wanajamii wakieleza ulemavu hutoka wapi. Yalitajwa makosa ya wazazi na kuvunja miiko, yakatajwa mapepo na uchawi, mapenzi ya Mungu, na magonjwa pia. Yote kwa pamoja, wakati mwingine kinywani mwa mtu mmoja. Hilo halinishangazi. Mtu yule yule huenda hospitali asubuhi na kwa mganga jioni. Ubaya wa maelezo ya kosa ni kwamba hutafuta mkosaji, na mkosaji mara nyingi huwa mama. Baba akishaondoka, hela za nauli zimeondoka.

Kwa Waislamu wa Malindi na Mambrui kuna hoja iliyo karibu zaidi. Abdullah bin Umm Maktum alikuwa kipofu. Alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume, na Mtume alipotoka Madina alimwachia usimamizi wa mji. Sura ya Abasa inamhusu. Watu hawa wanaisoma sura hiyo madrasani tangu utotoni, halafu mtoto wao asiyeona hawampeleki madrasa hiyohiyo, ambako kusoma kwingi ni kwa kusikia na kuhifadhi.

Sasa safari. Tuseme mtoto yuko Marafa. Kwanza anapaswa kupimwa na kituo cha tathmini ya elimu maalumu. Vituo hivyo vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na chuo cha walimu wa elimu maalumu, KISE, kikafuata 1986. Akiandikiwa Likoni, ni matatu hadi Malindi, ni basi kupita Kilifi na Mtwapa hadi Mombasa, ni kushuka kwenye mteremko wa feri katikati ya mikokoteni na watu wanaokimbia, ni kuvuka, ndipo shule. Shule ya Wasioona ya Likoni ni ya familia ya shule za Jeshi la Wokovu, ambao ndio waliofungua ile ya Thika mwaka 1946, ya kwanza ya aina yake Kenya. Imesomesha vizazi vya Pwani. Lakini mtoto wa miaka sita anayelala bweni miezi mitatu hurudi nyumbani mgeni. Anajua kusoma, hajui njia ya kwenda kisimani kwao.

Nukta sita

Anachofundishwa huko kinastahili kutazamwa kwa karibu. Maandishi ya Braille yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni kwa kujichoma na chombo cha kazi cha baba yake; aliyakamilisha mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Ni nukta sita tu, mbili kwa tatu, na kwa kuzibadilisha unapata alama 63. Nukta ya kwanza peke yake ni a. Nukta ya kwanza, ya tatu na ya nne ni m. Kwenye mashine ya Perkins, iliyotoka 1951 na bado ni farasi wa kazi katika shule zetu, mtoto hubonyeza kidole cha shahada na cha pete cha kushoto pamoja na cha shahada cha kulia, vyote kwa mpigo mmoja: m. Kisha shahada ya kushoto: a. Tena m, tena a. Ameandika mama, na karatasi imevimba pale, anaweza kumpitisha mama yake kidole juu ya jina lake.

Mashine hiyo ina uzito wa karibu kilo 5 na ni ya chuma. Isipopatikana kuna kibao chenye mistari ya vishimo na kijichuma cha kutobolea. Hapo mtoto huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi kinyume, ili akigeuza karatasi isomeke sawa. Mtoto wa miaka saba anafanya hesabu hiyo kichwani kila neno. Anayesema watoto hawa wana akili nzito akajaribu sentensi moja.

Kitabu kimoja cha kawaida kikitiwa nukta huwa majuzuu kadhaa mazito, na vingi hutengenezwa Nairobi. Ndiyo maana kompyuta inayosoma kwa sauti imekuwa ukombozi; shirika la inABLE lililoanzishwa 2009 limeweka maabara za kompyuta katika shule za wasioona, Likoni ikiwemo. Kenya pia iliridhia mwaka 2017 Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa Braille au sauti bila kungoja idhini ya mwenye hakimiliki.

Hata hivyo wengi wanaoitwa vipofu wana uoni kidogo. Watoto wenye ualbino ni mfano ulio wazi: wengi wanaweza kusoma maandishi ya kawaida wakipewa lenzi, kofia, na kiti cha mbele mbali na mwanga wa dirisha. Mwalimu asiyelijua hilo humfundisha Braille mtoto mwenye uoni, naye huinama na kuzisoma nukta kwa macho! Kabla ya kuamua mtoto ni kipofu, macho yake yapimwe na mtu anayejua uoni hafifu.

Serikali ilitoa sera mwaka 2018 inayotaka wenye ulemavu wasome, pale inapowezekana, pamoja na wenzao karibu na nyumbani. Naiunga mkono, na ninaiogopa. Kusoma na dada yake Gongoni ni bora kuliko kuvuka feri, iwapo atapata mwalimu anayejua nukta, mashine, na vitabu. Bila vitatu hivyo ni kumkalisha tena, safari hii kwenye dawati. Hesabu ya wawili kwa elfu inaonyesha dawa: mwalimu mmoja mwenye ujuzi na pikipiki, anayezungukia shule kumi, anafikia watoto wengi kuliko jengo jipya lenye jina la mwanasiasa.

Wanachoweza

Siku hizi kila asiyeona anatarajiwa awe mwimbaji. Mtoto huyu hazaliwi na sikio la muujiza. Ana sikio lililofanyishwa kazi. Mwaka 1996 wanasayansi walionyesha kwamba vipofu waliobobea wakisoma Braille kwa vidole, ile sehemu ya ubongo ambayo kwetu hushughulikia kuona huamka na kufanya kazi. Ubongo hauachi chumba kitupu. Wengine hujifunza kugonga ulimi na kusikiliza mwangwi: ukuta wa mawe wa mji wa kale wa Malindi unajibu kwa namna moja, makuti yanajibu kwa namna nyingine, uwazi wa mlango haujibu. Hicho ni kipaji cha mazoezi, na mazoezi yanahitaji mtoto anayeruhusiwa kutembea na kujikwaa.

Henry Wanyoike, aliyepofuka akiwa kijana, alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, na nyingine mbili Athens 2004. Samwel Mushai Kimani alitwaa dhahabu ya mita 1,500 London 2012, akarudia Rio 2016. Crystal Asige, mzaliwa wa Mombasa aliyepoteza uwezo wa kuona kwa glakoma, ni mwanamuziki na tangu 2022 ni seneta mteule. Yeye ndiye aliyewasilisha mswada uliotiwa saini Mei 2025 kuwa Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu. Nawataja kwa tahadhari. Mtoto wa Vitengeni hatakiwi kupata medali ndipo astahili kalamu. Wengi wa wanafunzi wenzake wanaoona nao hawatapata medali.

Kubwa kuliko medali ni ajifungie vifungo vya shati, ajue njia ya dukani, apike uji, amfahamu mgeni kwa sauti. Na msichana asiyeona afundishwe mapema majina ya viungo vyake na haki ya kusema hapana, kwa sauti, kwa mtu yeyote. Wanyanyasaji huwachagua wanaodhani hawataaminiwa. Jambo hili hufichwa sana katika kaunti yetu, na kulificha kunawasaidia hao hao.

Fimbo nyeupe yenyewe si ghali kama watu wadhanivyo, na mtoto anaweza kuanza kuitumia kabla hajaanza shule. Nyumbani, viti na ndoo viachwe mahali pake. Akiuliza, ajibiwe. Akikosea, aonywe kama nduguye.

Msomaji, ukiwa na mtoto wa namna hii mtaani mwako, hata kama si wako, nenda kwa wazazi wiki hii. Usiende na pole. Nenda na maneno mawili: macho yapimwe katika hospitali ya Malindi au ya Kilifi, na mtoto apelekwe ofisi ya elimu ya kaunti ndogo aandikishwe kituo cha tathmini. Kama baba hayupo na nauli hakuna, basi mchange. Na kama mtoto ana mwaka mmoja tu, msingoje afike sita.